Siku za Kufungwa Shule: Kumbukumbu za Mitaa na Vijana katika Dayosisi ya Masasi

Dayosisi ya Masasi ilizaliwa mwaka 1926, ilipotengwa na Dayosisi ya Unguja ikapewa askofu wake wa kwanza, Bwana William Vincent Lucas. Kwa hiyo mwaka 2026 ndio mwaka wake wa mia. Katika vitabu vya Yubile watu huandika habari za maaskofu, na za kuta za makanisa, na hesabu ya waliobatizwa. Na ni haki kuziandika. Walakini sisi ambao ni wazee sasa, tuliokuwa watoto wa shule katika miaka ya 1950, tukikaa barazani jioni hatusimuliani habari za kuta. Twasimuliana habari za siku zile shule zilipofungwa, tukaenda kwetu, na Kanisa likatufuata huko huko. Hizo ndizo tutakazoandika.

Habari za mwanzo zajulikana, nasi twazipita upesi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja, akapita Lindi, akawaleta watu waliokombolewa utumwani wakae Masasi. Mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, walishuka wakachoma nyumba na kuteka watu, na kazi ikahamia Newala kwa muda. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, ambaye naye alikuwa mtoto aliyekombolewa, alipewa upadri, akawa Mwafrika wa kwanza katika Misheni ya UMCA kupata daraja hiyo. Akafanya kazi Chitangali, kwa Wayao wa Nakaam. Mwaka 1905, katika vita ya Majimaji, misheni ya Masasi iliteketezwa mara ya pili. Wayao, Wamakua na Wamakonde waliobatizwa katika miaka hiyo ndio babu zetu.

Sasa twende mtaani. Mtaa wetu ulikuwa na kanisa moja kubwa penye nyumba ya padri, na makanisa madogo ya miti na udongo vijijini, kila moja na mwalimu wake. Kanisa hilo dogo ndilo lililokuwa shule. Siku tano tulikaa humo kujifunza kusoma na hesabu, na siku ya Jumapili mabenchi yakageuzwa, ubao ukafunikwa kitambaa, ikawa nyumba ya sala. Kengele yetu ilikuwa kipande cha chuma kilichotungikwa mwembeni. Vijiji vingine walipiga ngoma. Mwalimu alifundisha, akasoma sala za asubuhi na jioni, akazika wafu padri alipokuwa mbali, akawaandikia watu barua, akaamua ugomvi wa kuku na wa mipaka. Mshahara wake hatukuujua, lakini kaptula yake tuliijua, maana ilikuwa moja.

Sikukuu kubwa zikija, watu wa vijiji walitembea Jumamosi mpaka kanisa la padri, wengine maili kumi na zaidi, mama na mtoto mgongoni na mkeka kichwani. Usiku walilala chini ya miembe na katika madarasa, na padri akakaa kanisani kusikiliza maungamo mpaka taa inakaribia kwisha mafuta. Asubuhi sadaka ililetwa kama kila mtu alivyonayo: mayai, mtama, karanga, unga wa muhogo. Twakumbuka Pasaka moja kuku wa sadaka alilia wakati wa mahubiri, akalia sana, na padri akanyamaza kumngoja amalize. Kuku hakumaliza. Mahubiri yakawa mafupi, na mzee mmoja alisema nje kwamba kuku yule astahili kupewa daraja.

Mtu asidhani kwamba likizo kwetu ilikuwa mapumziko. Noeli hapa kusini huja pamoja na mvua za kwanza, wakati ambapo kila mkono watakiwa shambani. Vijana waliotoka shule za bweni walifika nyumbani jioni wamevaa viatu, na kesho yake alfajiri walikuwa na jembe. Waliokaa katika nyanda za juu za Newala walikuwa na kazi nyingine iliyo nzito kuliko jembe, ndiyo maji. Kwani juu kule hapakuwa na chemchemi, na watu waliteremka bondeni kuyachota, wakapanda tena na mtungi, njia ya saa nyingi. Kijana wa shule aliyerudi likizo aliteremka pamoja na dada zake, na wenzake wakimcheka alinyamaza. Likizo ya Pasaka ilikuwa ya kuamia. Tulilala katika madungu shambani, tukipiga debe kuwafukuza nguruwe, na kutupa mawe nyani walipokuja mchana. Huko ndiko tulikojifunza nyimbo za kanisa kwa kweli, maana usiku katika dungu ni mrefu, na mtu akiimba nguruwe hasogei, na jirani aliye katika dungu la pili humwitikia. Jumapili ya Matawi tulikuja kanisani macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Lakini likizo iliyongojwa na wote ilikuwa ile ya kipupwe, baada ya mavuno, vihenge vimejaa na usiku una baridi. Hiyo ndiyo likizo ya jando. Hapa twaomba msomaji avumilie, kwa sababu habari hii ni ndefu, na imesemwa mara nyingi na watu wasioingia kumbini.

Kwa Wayao na Wamakua na Wamakonde, mtoto wa kiume asiyepita jandoni hakuhesabiwa mtu mzima. Hakuweza kuoa kwa heshima, wala kusimama kaburini pamoja na wanaume, wala neno lake halikusikilizwa barazani. Wakristo wa kwanza walipopata watoto, walikutwa na taabu hii. Wakimpeleka mtoto katika jando la kwao, huko kulikuwa na tambiko la unga kwa mizimu, na maneno na nyimbo ambazo Kanisa halikuweza kuzikubali. Wakimzuia, mtoto alikua katikati ya wenzake kama mgeni, naye mwisho alitoroka akaenda mwenyewe, mara nyingi akiwa kijana mkubwa, na hakurudi kanisani kwa aibu. Padri alipokataza, alipoteza vijana. Na aliponyamaza, aliwapoteza vile vile.

Mwaka 1913, siku za Askofu Frank Weston wa Unguja, jando la kwanza la Kikristo lilifanywa Masasi. Msitu ulikuwa ule ule, na vibanda, na walezi, na miezi ile ile ya baridi. Lakini mahali pa tambiko palisimamishwa msalaba, na penye maombi ya mizimu palisomwa Misa. Bwana Lucas, ambaye wakati ule alikuwa padri tu, aliishika kazi hii kwa moyo wake wote, akaitetea mbele ya Wazungu wenzake, na mwaka 1928 maelezo yake juu ya mila za watu na dini ya Kikristo yalipigwa chapa Uingereza, yakasomwa na watu wa misheni nyingi. Basi tangu siku hiyo, kila asimuliaye habari za jando la Masasi humtaja Askofu Lucas peke yake, kana kwamba aliamka asubuhi moja akalitunga.

Hatumpunguzii heshima Bwana Askofu. Aliwasikiliza watu wakati ambapo Wazungu wengi walikuwa wakikataza tu. Walakini wazee wetu walijua jambo ambalo waandishi wa historia wa siku hizi wamelithibitisha katika barua na vitabu vya zamani, ya kuwa walioligeuza jando kuwa la Kikristo ni mapadri na walimu Waafrika wa mitaa hii. Wao ndio waliopita kumbini utotoni, wakajua neno lipi ni la mizimu na lipi ni la adabu tu, wimbo upi watupwe na upi ubaki. Mgeni angelijuaje? Tena vita ilipoanza mwaka 1914, Wadachi waliwakamata wamisionari Waingereza, na mitaa ikabaki mikononi mwa mapadri Waafrika. Mmoja wao, Padri Kolumba Msigala, aliacha kumbukumbu zake zimeandikwa. Wengi hawakuacha hata mstari mmoja. Twaona ni deni la mwaka huu wa mia kulisema wazi katika mitaa yetu.

Sisi tuliingia kumbini katika miaka ya 1950, likizo ya kipupwe. Mambo ya kumbini hayasemwi yote, na hatutayasema. Yale yaliyoonekana na watu wote ndiyo tutakayotaja. Kwanza majina yetu yaliandikwa katika daftari la mtaa, jina la mtoto na jina la baba yake, na baba akaulizwa mbele ya wazee wa kanisa kama amekubali. Usiku wa kuamkia siku ile palipigwa ngoma, na mama zetu wakacheza mpaka alfajiri, na wengine walilia wakicheza. Asubuhi tulinyolewa nywele, tukapokea baraka, tukapelekwa msituni nyuma ya msalaba uliobebwa na kijana wa altareni. Kazi ya kisu ilifanywa na dresa wa hospitali ya misheni, na vyombo vyake vilikuwa vimechemshwa. Tulimchukia siku ile kuliko shetani. Baadaye mmoja wetu alikuwa dresa mwenyewe.

Kisha zikaja siku za vibandani. Baridi ilikuwa kali, na moto ulikuwa mali. Walezi wetu walikuwa vijana walioolewa karibuni na wazee wawili watatu, nao walilala pamoja nasi. Asubuhi na jioni tulisali mbele ya msalaba. Mchana tulifundishwa kutega, kusuka mikeka, kusalimu, kunyamaza mkubwa anaposema, kutomdharau mama hata tukipita kimo chake. Mwalimu wetu wa shule alikuja kila siku, lakini huko hakuwa mwalimu; alikaa chini pamoja na walezi, akala kwa mkono katika chano kimoja, akacheka. Tulistaajabu sana kumwona akicheka. Shule ilipofunguliwa aliacha kucheka, nasi tulijua kwamba yuaweza.

Katika jando la zamani, mtoto akifa kumbini mama yake hakuambiwa mpaka siku ya kutoka, wakati wenziwe walipowapokea watoto wao na yeye hakumwona wa kwake. Padri wetu aliwaahidi mama zetu kwamba katika kumbi la Kanisa mtoto akiugua wataambiwa siku ile ile. Hakuna aliyekufa mwaka wetu. Hata hivyo tuliambiwa baadaye kwamba mama zetu walisimama jioni penye njia ya msitu, wakasikiliza nyimbo zetu, wakajaribu kuhesabu sauti.

Siku ya kutoka tulioga, tukapakwa mafuta, tukapewa nguo mpya na kila mtu jina jipya. Vibanda vikatiwa moto, na tukaambiwa twende pasipo kutazama nyuma. Tulisikia nyasi zikilia kwa moto mgongoni petu, nasi tukaenda vichwa vimeinama mpaka mlangoni mwa kanisa, ambapo padri alitungoja na maji ya baraka, na nyuma yake vigelegele vya mama. Tangu siku ile hakuna mtu aliyetuita kwa jina la utotoni, isipokuwa bibi zetu, ambao hawakuogopa mtu.

Juu ya wasichana tutasema machache, na kosa ni letu, kwa sababu sisi tuandikao ni wanaume. Nao walikuwa na likizo yao, na mafundisho yao katika mtindo wa Kikristo, yaliyoitwa malango, chini ya makungwi Wakristo pamoja na mabibi wa misheni. Twajua kwamba dada zetu walirudi wamenyamaza na wamependeza, na kwamba wengine hawakurudi tena shuleni, kwani baada ya malango waliolewa. Jambo hilo liliwahuzunisha walimu wengi. Twatumaini kwamba mama mmoja atashika kalamu kabla hawajakwisha waliokumbuka, maana kazi yao ya kuwalea wasichana haikuwa ndogo kuliko ya kumbi.

Likizo hizo zilipunguka pole pole. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kazi ya karanga ya Serikali ya Kiingereza ilianza Nachingwea, pakaletwa matingatinga, na reli ikajengwa. Na ijapokuwa kazi yenyewe ilianguka upesi, iliwafundisha vijana kwamba likizo yaweza kuuzwa kwa shilingi. Askofu Trevor Huddleston, aliyekuja mwaka 1960, alikuta nchi inaharakisha kwenda kwenye Uhuru, uliopatikana tarehe 9 Desemba 1961. Ikatoka Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule za misheni zikawa mali ya Serikali. Hatusemi vibaya, watoto wengi walipata nafasi ambayo Kanisa lisingeliweza kuwapa. Ila siku ile mwalimu aliacha kuwa mtu wa padri, na siku za kufunga shule hazikupangwa tena kwa kutazama mwezi na mavuno na kumbi. Wazazi wengi wakaanza kuwapeleka watoto hospitali, kazi ya robo saa, na mtoto kurudi nyumbani mchana.

Tumelibakiza jambo moja, nasi tulishauriana sana kama laandikika. Tumeona heri liandikwe, pasipo kutaja kijiji wala jina.

Mwaka wetu wa kumbi, mwenzetu mmoja hakuonekana. Jina lake lilikuwa daftarini, na baba yake, mzee wa kanisa, alikuwa amekubali mbele ya wote. Lakini siku chache kabla ya kufungwa shule, mjomba wake alikuja usiku akamchukua, akampeleka katika jando la zamani ng'ambo ya mto. Mama alijua, kwa kuwa mjomba ni ndugu yake. Baba alijua asubuhi. Baraza la mtaa lilikutana, na baba akatiwa katika toba. Jumapili baada ya Jumapili alisimama mlangoni pa kanisa, mtu mzima mwenye mvi, asikaribie Meza ya Bwana, na sisi watoto tukapita mbele yake tukiona aibu kuliko yeye. Mama alisimama upande wa pili wa mlango. Hawakutazamana.

Mwenzetu aliporudi, tulimwuliza huko kulikuwaje. Alisema baridi ilikuwa ile ile, na kisu kilikuwa kibaya zaidi. Kisha akasema kwamba mjomba wake hakumwacha hata usiku mmoja, alilala mlangoni pa kibanda mpaka siku ya kutoka.

Sisi kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye amwozaye, ndiye alipaye deni lake, ndiye amzikaye. Daftari la mtaa lilikuwa na nafasi ya jina la mtoto na nafasi ya jina la baba. Mjomba hakuulizwa na mtu yeyote. Padri na wazee walikuwa wameufahamu msitu, na nyimbo, na tambiko la unga. Na katika daftari lao walikuwa wamepiga mistari ya watu wa nchi nyingine. Hatujui kama mjomba yule angelikubali kama angeliulizwa. Yeye mwenyewe alisema alipoitwa barazani: kama mngelinijia, ningeliwajibu.

Baba alipokelewa tena Alhamisi Kuu ya mwaka uliofuata. Mjomba, ambaye hakuwa Mkristo wala hakuwa baadaye, alikuja siku ile akakaa nje chini ya mwembe, karibu na kile kipande cha chuma, mpaka ibada ikaisha, akamshika shemeji yake mkono, wakaenda nyumbani pamoja. Na kipupwe kilipofika, shule zikakaribia kufungwa, mwalimu alitutuma sisi wakubwa kupeleka daftari kwa padri. Tulilifungua njiani, jambo tulilokatazwa. Katika kila ukurasa ulikuwa umepigwa mstari mmoja zaidi kwa wino mpya, na juu yake, kwa mwandiko wa mwalimu wetu, limeandikwa: Mjomba.